Kisigino Changu na Fimbo ya Mama Mkwe

Jamani, hii habari ningeweza kuificha ningeificha, lakini kwa kuwa Lukozi nzima inaijua, na wengine wameshaitia chumvi mpaka imekuwa haitambuliki, bora niiseme mimi mwenyewe niliyeaibika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Sayansi, mtu wa Tanga mjini niliyepangiwa kazi huku milimani nikaoa huku huku. Na kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya watu waliotoka ibadani na Biblia zao mkononi, nilimshitaki mama mkwe wangu kwamba amenipiga fimbo. Mama mkwe! Mama mzazi wa mke wangu Naomi, mjane wa watu, ambaye tangu nimwoe binti yake sijawahi kumsikia akimpandishia mtu sauti.

Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kwetu siku hiyo watu huleta kanisani walichojaliwa shambani, viazi, karoti, kabichi, mayai, ndizi, kuku, na ibada ikiisha vitu vinatolewa nje vinanadiwa. Kanisa lenyewe liko ubavuni mwa mlima, uwanja wake umechongwa kama ngazi, ukitoka upande wa chini tu unaingia kwenye shamba la kabichi. Mimi nilivaa vizuri siku hiyo (suti, na viatu vya ngozi vyenye soli inayoteleza kama sabuni), kwa sababu wakwe zangu wote walikuwepo na mtu hupenda kuonekana.

Niwaambie na hili, ili mjue ujinga wangu ulianzia mbali. Kisigino changu cha kushoto kilikuwa kinaniuma wiki kadhaa kabla ya hapo. Nikiamka asubuhi, pale nyuma juu ya kisigino palikuwa pamekaza kama kamba ya katani iliyolowa ikakauka, mpaka nitembeetembee ndipo palegee. Naomi aliniambia, "Baba Neema, nenda hospitali." Nikamjibu, "Huo ni uzee unapiga hodi, ukiufungulia utaingia." Nikacheka mwenyewe na mambo yakaishia hapo.

Basi, mnadani akatolewa jogoo mmoja mkubwa, mwekundu, mkia umepinda kama mundu. Mwinjilisti Amosi ndiye alikuwa akinadi, na yule bwana ana maneno, akamsifia yule jogoo utadhani anamtafutia mchumba. Nikapanda dau, Mzee Zakaria naye (ni mzee wa kanisa, mtu mnyoofu sana) akapanda, nikapanda tena kwa sauti ili wakwe wasikie, nikashinda. Watu wakapiga makofi. Amosi ananikabidhi jogoo, kile kikamba cha miguuni kikafunguka, jogoo akapiga mbawa, puu, akaenda zake.

Sasa hapa ndipo penyewe. Vijana wa kwaya walikuwa wameshaanza kumfukuza, wepesi, wana raba miguuni, wangemkamata bila taabu yoyote. Mimi nikapaza sauti: "Mwacheni! Huyo ni wangu, nitamkamata mwenyewe!" Kwa nini nilisema hivyo mpaka leo sijui, labda ni yale makofi. Ujanani nilicheza winga, na mtu aliyecheza winga huwa haamini kwamba winga ameshaondoka mwilini mwake.

Nikakunja suruali kidogo, nikaanza. Jogoo akazunguka simtanki la maji, nami nyuma yake, watu wanashangilia, "Mwalimu! Mwalimu!", akakata kona akaelekea walikokaa akina mama. Mama mkwe alikuwa amekaa mwisho wa benchi, upande wa shamba la kabichi. Alipoona jogoo anakuja upande wake akasimama, akanyanyua fimbo yake anayotembelea ili amzuie asipite. Jogoo akageuka ghafla, akampita. Nami nikampita mama mkwe kwa kasi ile ile, nikakanyaga kwa mguu wa kushoto nijirushe mbele, na hapo hapo nikasikia *pa!*, mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, na pigo nyuma ya mguu, zito, kama mtu amenitandika na mpini wa jembe.

Nikaenda chini. Si kuanguka kwa heshima, jamani, nilianguka kifudifudi nikabingirika mpaka kwenye kabichi. Nilipoinua kichwa kutazama nyuma nani amenipiga, nikamwona mtu mmoja tu. Mama mkwe amesimama pale ukingoni, fimbo bado iko juu.

"Mama!" nikapiga kelele, kwa ile sauti ya kuita watoto mstarini. "Mama, umenipiga!"

Uwanja mzima ukageuka. Hata aliyekuwa anapima viazi aliacha.

"Mimi?" akasema. "Mimi nikupige wewe, mwanangu?"

Ningeweza kuishia hapo. Ningesema labda nimeteleza, ningesema sijui. Lakini mtu aliyelala kwenye kabichi na suti yake, wakwe wanamtazama na jogoo hajapatikana, anatafuta pa kuitua aibu yake. Nikasema tena, "Umenipiga fimbo ya mguu! Watu wote wameona!"

Na watu, ambao hawakuona kitu, wakaanza kuona. Mmoja akasema, "Hata mimi nimesikia fimbo inalia." Mwingine, "Kweli, imelia pa!" Mama mmoja wa umoja wa wanawake akashika mdomo akasema kumbe mambo ya wakwe hayajaisha. Mzee Zakaria akamsogelea mama mkwe taratibu, akamwambia, "Mama Danieli, hebu nipe hii kwanza." (Danieli ni kaka yake Naomi, yuko Dar.) Naye akampa ile fimbo bila ubishi, kama mtoto aliyekutwa na kiwembe.

Mimi nilibebwa nikapandishwa bodaboda, nikashikiliwa na mtu nyuma. Tulipokata kona ya chini nikamwona mama mkwe kwa mbali anapanda njia ya kwake peke yake, ile njia kali, hana fimbo, anashika majani ya ukingoni ili asirudi chini. Nilimwona. Sitasema sikumwona. Na niliwaza nini? Niliwaza, ajifunze.

Nyumbani nikakandwa na maji ya moto yenye chumvi. Naomi akaniuliza polepole, "Una uhakika?" Nikamwambia, "Nimepigwa mimi au umepigwa wewe?" Kesho yake akaenda kwa mama yake, akarudi macho mekundu. Akasema, "Mama anasema hakukugusa." Nami, kwa kuwa palikuwa na wageni waliokuja kunipa pole, nikajibu, "Sasa nani? Jogoo?" Wageni wakacheka. Naomi akaingia jikoni.

Wageni ndio walionimaliza. Kila aliyekuja alitaka kusimuliwa, na kila niliposimulia hadithi ilikuwa tamu zaidi. Mwanzo nilikuwa nasema nimepigwa tu. Kisha nikawa nasema alinyanyua hivi, akalenga hivi. Kisha nikaongeza na sababu, kwamba tangu mwanzo alitaka binti yake aolewe na mfanyabiashara mmoja wa Soni, na mimi mwalimu nisiye na shamba nilimkaa kooni. Ule uchumba wa Soni ulikuwepo kweli, siwadanganyi, lakini aliyeukataza alikuwa yeye mwenyewe mama, akasema binti aolewe na anayemtaka. Hiyo sehemu nilikuwa nairuka.

Katikati ya wiki ikaja hotipoti. Imeletwa na dereva wa bodaboda, ndani ni supu ya makongoro, imechemshwa mpaka ile mishipa imekuwa laini kama ute, na salamu: mama anasema anywe ingali moto, nguvu ya mguu hutoka kwenye mguu. Sebuleni kulikuwa na walimu wenzangu. Mimi, jamani (hapa huwa natamani ardhi ipasuke), nikaitazama ile hotipoti nikasema, "Rudisha. Isije ikawa anakuja kumalizia kazi."

Wenzangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Naomi aliifunga ile hotipoti kwenye kitenge, akaibeba mwenyewe, akaenda nayo kwa miguu mpaka kwa mama yake, ikiwa imejaa vile vile.

Mguu nao haukuwa na nafuu. Uvimbe ulishuka lakini nikijaribu kusimamia vidole ulikataa, na nikitembea unajipiga chini kama kandambili iliyokatika. Mwishowe Naomi akasema tunakwenda Lushoto hospitali, akasema huku ameshaweka mkoba begani.

Daktari alikuwa binti mdogo tu, mcheshi. Akanilaza kifudifudi, miguu ininginie nje ya kitanda. Akaminya kigimbi cha mguu mzima, unyayo ukacheza. Akaminya cha mguu mbovu, unyayo ukatulia kama si wangu. Akaminya tena, wapi.

"Mwalimu, kano ya kisigino imekatika," akasema. "Ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa nakimbia nikapigwa."

"Ukahisi kama mtu amekupiga teke au fimbo kwa nyuma, na mlio ukausikia?"

Nikafurahi! Hebu oneni mtu alivyo mjinga, nilifurahi, nikajigeuza nusu nikamwambia, "Ehee! Kumbe alama bado ipo?"

"Hakuna alama yoyote," akasema akicheka. "Hakuna aliyekupiga. Ni kano yenyewe, ikikatika ndivyo inavyofanya, inalia na inauma kama pigo. Karibu wote wanaonijia na hali hii huniambia waligeuka kumtafuta aliyewapiga."

Mimi hiyo kano naifundisha. Kila mwaka naandika ubaoni kwa chaki: tishu unganishi ndizo zinazoushika mwili pamoja, gegedu iko kwenye maungio, kano huunganisha msuli na mfupa. Kisha nawaambia watoto wainame washike nyuma ya visigino vyao, waisikie ile kamba ngumu, na darasa zima linainama. Na yangu ilikuwa inaniambia kila asubuhi kwamba imechoka, nami nikaifanyia mzaha.

"Kwani wewe ulimkamata nani?" daktari akauliza huku anaandika, bado anacheka.

Nikamtazama Naomi. Naomi alikuwa anatazama ukuta.

"Mama yangu," Naomi akasema.

Daktari akaacha kucheka. Akaniambia, kwa upole, kwamba ningekuja siku ile ile ingekuwa afadhali, sasa ncha za kano zimeshaachana mbali, watanifunga plasta lakini huenda nikabaki nikichechemea. Nikafungwa plasta, kidole gumba kinaelekea chini kama cha mtu anayechuchumia kuchungulia kitu, nikapewa magongo.

Ndani ya gari Naomi alitazama dirishani mpaka tulipokaribia Lukozi. Ndipo akasema, "Tunakwenda kwa mama."

"Naomi, mguu unauma. Ngoja kesho."

"Mama amengoja vya kutosha."

Gari halifiki kwa mama mkwe. Pikipiki nayo inaishia chini, kisha ni miguu, ile njia niliyomwona akiipanda akishika majani. Ilikuwa imenyesha, udongo ule mwekundu unateleza, na magongo nilikuwa sijayazoea. Nilikwenda hatua chache tu gongo moja likateleza, nikakaa chini kwa matako. Nikainuka, nikakaa tena. Mwisho nikaacha kuinuka, nikawa najikokota nikiwa nimekaa, kinyumenyume, plasta juu, na majirani wametoka nje kutazama. Mmoja akanipa pole. Wengine walinitazama tu.

Mama mkwe alituona kutoka mlangoni, akaja mbio, yeye aliyekuwa hana fimbo, akanishika kwapani. "Pole mwanangu. Pole. Polepole."

Nikiwa bado chini kwenye matope nikasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Inuka."

Tukaingia ndani, akaweka chai. Nikamweleza yote, kano, mlio, alivyosema daktari. Kila niliposema jambo alimgeukia Naomi amrudilie kwa Kishambaa, si kwamba Kiswahili hakijui, alitaka kusikia na kwa lugha yake ili asikosee. Nilipomaliza akaweka kikombe chini. Kisha akaufungua mkono wake wa kulia, akautazama kiganja.

"Kwa hiyo mimi sikukupiga."

"Hukunipiga, mama."

"Hata kwa bahati mbaya? Hata kugusa?"

"Hata kugusa. Nilikusingizia. Nisamehe."

Akaufunga mkono. "Jumapili ile nilijua sikukupiga," akasema. "Na Jumatatu nilijua. Lakini watu wakaja, huyu kasikia, yule kaona. Mzee Zakaria si mtu wa uongo, naye akaniambia, Mama Danieli, tubu tu yaishe. Na wewe mwalimu, mtu wa kusoma, umesema. Chakula changu umekirudisha. Nikasema basi, labda ni uzee, labda mkono umefanya jambo na kichwa hakina habari. Nikapiga magoti hapo nikatubu. Nikamwambia Mungu nimempiga mkwe wangu, anisamehe."

Naomi akaanza kulia.

"Nimeshatubu, mwalimu," mama akaniambia. Hakusema kwa hasira, alikuwa ananiuliza kabisa. "Sasa toba ile nikairudishe wapi?"

Nafundisha watoto wa watu, nina cheti ukutani, lakini nilichoweza ni kuinamisha kichwa. Nikalia mimi pia, chai ikapoa.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi baada ya matangazo, nikasimama na magongo yangu, nikawaambia waumini kwamba mama mkwe wangu hakunipiga, kilicholia ni kano yangu mwenyewe ikikatika kwa kujifanya kijana. Walicheka sana. Nilistahili, nikawaacha wacheke. Mzee Zakaria akasimama naye, akamwomba mama radhi mbele ya wote, akamrudishia fimbo yake kwa mikono miwili. Lakini wale waliokuwa wamesema wamesikia fimbo ikilia hakusimama hata mmoja. Na wapo mpaka leo wanaosema wameshapatana wale, ndiyo maana anamsafisha. Mwezi uliopita tu, sokoni, muuza karoti mmoja alimtania mama, "Leo fimbo ni ya nani?" Mama akatabasamu akachagua karoti zake. Mimi nilikuwa pembeni, nikaeleza tena habari ya kano, yule mama wa karoti akaitikia "haya mwalimu" kama mtu anayemwitikia mlevi.

Plasta ilishatolewa. Nachechemea kidogo, hasa nikishuka mlima, na watoto shuleni wana namna yao ya kuniigiza wakidhani siwaoni. Kwa mama mkwe naenda, nakula kila anachonipa na namaliza. Amenisamehe, amesema mwenyewe, na simwonei shaka.

Ila kuna jambo moja nimeliona ambalo sijamwambia hata Naomi. Tukitoka kanisani pamoja, mama hatembei nyuma yangu. Atakwenda mbele, au atakuja ubavuni mahali ninapomwona. Ikitokea njia imekuwa nyembamba akajikuta yuko nyuma, anasimama, anajifanya anakaza kanga, anakaza, anakaza, mpaka nifike mbali ndipo anafuata. Nikigeuka namwona amesimama pale, fimbo ameilaza chini, mikono yote miwili iko kwenye kanga.

Ndugu zangu, nimeapa. Siku nyingine nikisikia nimepigwa na kitu nyuma, hata kiwe radi, nitauma ulimi kwanza, nitakwenda hospitali kwanza, na nikirudi nitanyamaza kidogo tena ndipo niseme. Kano ikikatika kuna plasta. Yule mama nikimwambia "tangulia mama," anatangulia haraka, na mimi nafuata nyuma nikichechemea.